Kilichobaki kwenye belo

Jioni ile nilikuwa nimeinama uani, khanga nimejifunga kifuani, nachochea moto huku machozi yananichuruzika, niliposikia geti linagongwa kwa fimbo. Alikuwa mzee jirani yangu, ambaye yuko Tabata tangu nyumba zikiwa za kuhesabu.

"Mwanangu, unachoma matairi?"

"Shikamoo baba. Hapana, ni nguo tu."

"Marahaba. Nguo gani zinanuka kama nyaya za umeme?" Akakohoa, kidogo kwa moshi na kidogo kwa makusudi. "Sisi hapa tulilishtaki Jiji zima kwa moshi, tukalishinda. Wewe na kiberiti chako utatushinda?"

Hakuwa anatania. Mgeni akisikia konda anaita "Dampo, Dampo" anaweza kudhani ni jina la mzaha, kumbe dampo lilikuwepo kweli. Taka za Dar es Salaam zilimwagwa Tabata na kuchomwa hapohapo, mpaka wakazi walipokwenda Mahakama Kuu kwa kesi ya mwaka 1988 dhidi ya Halmashauri ya Jiji, wakapewa haki yao. Dampo likahamishwa, likahamishwa tena, na siku hizi malori ya taka yanapanda Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo moshi kwa wazee wa Tabata si jambo dogo. Nikamwomba radhi, nikachota ndoo ya maji, nikauzima moto.

Asubuhi nilipokwenda kuzoa jivu sikukuta jivu. Nilikuta donge jeusi, gumu kama lami iliyopoa, limeshikana na mchanga, na katikati yake kifungo kimoja cha njano kimezama nusu. Zile nguo hazikuungua. Ziliyeyuka.

Hii ilikuwa mwaka 2018, wiki ya tatu tangu nifungue belo langu la kwanza la mitumba.

Mkataba wangu wa ukarani ulikuwa umeisha, nikachukua mgao wangu wa kikoba, nikanunua belo la blauzi za kike, kilo 45, kwa shilingi laki tatu na themanini. Ambaye hajawahi kununua belo nimweleze: hufunguliwi ukaona. Unaoneshwa furushi limebanwa kwa mikanda, limeandikwa kwa kalamu nene ni nguo za aina gani, basi. Ni kama kuchumbia kwa picha. Nililipeleka nyumbani kwa bodaboda, mdogo wangu akakata mikanda kwa kisu cha jikoni, na lile furushi likaumuka sebuleni kama unga uliotiwa hamira, likajaza sebule yote na ile harufu ya dawa ambayo kila mnunuzi wa mitumba anaijua.

Tulihesabu vipande 214. Vya daraja la kwanza, vile ambavyo mteja akivigusa tu anatoa pesa, vilikuwa 61. Vya wastani, vya kupigia mnada buku mbili mbili, vilikuwa 80. Vilivyobaki 73 vilikuwa vya kutupa: kwapa limebadilika rangi, mshono umefumuka, kitambaa kimeota vipele, blauzi iliyoandikwa mbio za hisani za mji nisioujua. Kulikuwa hata na sidiria iliyochomoza waya. Faida niliipata kwenye zile 61, na kidogo kwenye zile 80. Zile 73 ndizo zilizonifundisha kazi.

Kabla ya belo lile nilikuwa najisifu sana. Nilikuwa nawaambia mashoga zangu wa ofisini kwamba mtumba ni kuokoa mazingira. Nguo ambayo ingetupwa Ulaya inapata mtu wa kuivaa huku, na mimi nanunua kwa bei ya chai na chapati. Maneno hayo sijayakana. Fulana moja ya pamba, kwa hesabu inayotajwa sana, hula lita 2,700 za maji kuanzia shambani mpaka ishonwe. Hapa kwetu tunaponunua maji kwa dumu la lita 20, hayo ni madumu 135. Hebu fikiria mkokoteni wa madumu 135 umesimama mlangoni kwako kwa ajili ya fulana moja! Ni wastani wa dunia, najua, na pamba ya Simiyu na Shinyanga hunyweshwa na mvua ya Mungu. Lakini iko pamba inayonyweshwa kwa mifereji, na Bahari ya Aral kule Asia ya Kati ilikauka sehemu kubwa kwa sababu mito yake miwili iligeuzwa kwenda mashambani, mengi yakiwa ya pamba. Fulana iliyokwisha kushonwa maji yake imeshayanywa. Ukiivaa miaka minne zaidi huiongezei hata dumu moja, ukiacha ya kuifulia.

Safari ya meli ndiyo watu huniuliza sana. Kontena linatoka mbali, ndiyo, lakini ukigawa mafuta ya meli kwa nguo moja moja, unakuta mzigo mkubwa haukuwa kwenye meli. Ulikuwa kule shambani, kiwandani, kwenye rangi.

Kosa langu lilikuwa kudhani hesabu inaishia hapo.

Baada ya jirani kunikemea sikuchoma tena. Nilijaza zile nguo zilizobaki kwenye viroba viwili, nikampa kijana wa mkokoteni shilingi elfu mbili avipeleke "huko". Huko wapi, sikumuuliza, na nadhani nilikuwa sitaki kujua. Masika yaliyofuata, mvua ilipokatika asubuhi moja, nikatoka kwenda dukani. Kwenye kalvati la mtaro wetu maji yalikuwa yametuama, na kwenye chuma cha kalvati umening'inia mkono wa zambarau, unapunga kwa mkondo wa maji kama mtu anaaga. Niliujua. Unavyomjua mwanao katikati ya watoto mia waliovaa sare, ndivyo nilivyoijua ile blauzi, na vifungo vyake vya njano. Nyuma yake zilikuwa zimejipanga nyingine, zimeshikana na matope na mifuko ya rambo, zimeziba kalvati kama kizibo.

Mtaro ule unaingia mto Msimbazi. Msimbazi ndio ule unaofunga barabara Jangwani mvua zikizidi, halafu unatoka baharini pale daraja la Salenda. Mwaka huohuo, tarehe 1 Juni 2019, serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki nchi nzima, watu wakashika mifuko mbadala, na mimi nikashangilia kama wengine. Sikujua kwamba nilikuwa bado naingiza plastiki kwa kilo, imeshonwa mikono na ukosi.

Aliyenijulisha ni fundi cherehani wangu. Ni mzee wa Tanga, anashona kibarazani kwa mtu, cherehani yake ya kukanyaga imepauka mpaka maandishi ya dhahabu yameondoka. Nilikuwa nampelekea blauzi za kubana kiuno na suruali za kukata. Siku hiyo nikamlalamikia: mzee wangu, nina nguo nzuri tu, zina dosari ndogo, nifanyeje nazo?

"Lete uzi," akasema.

"Uzi gani?"

"Wa nguo yenyewe."

Akachomoa nyuzi mbili, moja kwenye fulana nyeupe, moja kwenye blauzi ya maua. Wa kwanza akaushika kwa pini, akauwasha kwa kiberiti. Uliwaka taratibu, ukabaki kaa jekundu linalotambaa, ukanuka karatasi. Jivu lake lilikuwa la kijivu, laini. Alilisugua kwa vidole viwili akalipuliza, likapotea. Wa pili haukungoja moto uufikie. Ulijikunja, ukaukimbia, ukadondosha tone, ukatoa moshi mweusi mwembamba, na mwisho wake ukafanya shanga ndogo nyeusi. Akanipa niiminye. Ilikuwa ngumu na bado ya moto.

"Ile pamba," akasema. "Hii ni chupa ya maji iliyovaa maua."

Ni kweli tupu. Poliesta ya blauzi na plastiki ya chupa ya maji ni kitu kimoja, vyote vinatoka kwenye mafuta ghafi. Ikifuliwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana zinazokwenda na maji machafu, ikichomwa huyeyuka, ikizikwa haiozi. Tangu siku hiyo sinunui kitu bila kutafuta lebo ya ndani, na nisipoikuta lebo natoa uzi. Pale soko la Karume wauzaji wameshanizoea. "Yule dada wa kiberiti kaja."

Fundi huyohuyo ndiye alinionesha kugeuza ukosi. Nilidhani fundi wote wanajua, kumbe vijana wengi hawajui, au wanajua na hawana subira. Shati la kiume huchakaa kwanza pale ukosi unapojikunja, shingoni. Mwili wote mzima, hapo tu pamekuwa manyoya. Anachukua wembe, anafumua mshono unaoshika ukosi na ule utepe wa shingo, uzi kwa uzi, bila kugusa kitambaa. Anautoa ukosi mzima, anaugeuza ule upande wa chini uje juu, upande ambao haujawahi kuona jua wala jasho la nje, anaurudisha palepale penye alama za mshono wa zamani. Dakika ishirini na tano. Palipochakaa panalala chini na hapaonekani tena. Siku zile alinitoza shilingi elfu mbili, na shati nililokuwa natupa nikaliuza elfu nane kwa mwalimu mmoja, naye mwakani akarudi kuuliza kama kuna jingine. Bila shaka ukosi haugeuzwi mara mbili. Lakini mara ile moja ni miaka mingine mitatu ya shati.

Nilipomsimulia mama haya yote akanicheka. Mama alilelewa na bibi yake Pangani, na doti ya khanga kwake ina maisha kama ya mtu. Inaanza na harusi na idi. Ikipauka inahamia jikoni na kulala nayo. Kisha ni mbeleko, kisha inachanwa nepi, kipande kingine ni kata ya kubebea ndoo kichwani, kingine cha kufunikia unga. Ikichoka kabisa ni tambara la kupigia deki. "Na mwisho," mama akasema, "tulikuwa tunachana uzi tunafanya utambi wa kibatari. Khanga ya harusi ya bibi ndiyo niliyosomea."

Nikamwuliza: je, kama khanga ingekuwa ya poliesta?

"Utambi gani huo? Ungeyeyuka."

Nimelifikiria sana jibu lile. Mambo mengi ambayo bibi aliyafanya na khanga yalitegemea pamba yenyewe: nepi na deki kwa kunyonya, utambi kwa kuwaka bila kuyeyuka. Tukiambiwa tuige wazee wetu kwa kutumia tena nguo kuukuu, tunasahau kwamba wazee walikuwa na kitambaa kinachokubali. Mafundi gereji wa Tabata waliniambia hivyohivyo bila kupindisha. Nilipowapelekea kiroba cha kwanza cha matambara, nikitegemea kuuza kwa kilo, kijana mmoja alichomoa kipande, akakisugulia oili sakafuni, oili ikasambaa badala ya kuondoka. Akanirudishia kiroba. "Dada, tuletee fulana." Sasa nawapelekea fulana za pamba tu, nimeshazikata vipande vya viganja viwili na kutoa vifungo na zipu. Vifungo naviweka kwenye kopo la maziwa, mafundi wanavinunua.

Jinzi zile ngumu za zamani zisizovutika ni dhahabu. Mguu mmoja unatoa mfuko wa kwendea sokoni na kiraka cha goti, na mfuko wa nyuma nautundika ukutani wa kuwekea simu inapochajiwa.

Kuna jambo la aibu kidogo ambalo lazima nilitaje. Mwaka 2020 tulikuwa nyumbani sana, nikaamua kupanga kabati. Nilikuta fulana zangu binafsi 31. Mtu mmoja, fulana 31! Saba zilikuwa hazijavaliwa hata mara moja. Kila moja niliinunua kwa sababu ilikuwa buku, na kwa sababu nilijiambia naokoa mazingira. Kumbe sikuwa nimeokoa chochote. Fulana ya mtumba inaokoa yale madumu 135 pale tu inapokuzuia kununua mpya. Ukiinunua juu ya nyingine thelathini umehamisha tu takataka kutoka kabati la mtu wa Ujerumani kuja kabati la Tabata, na mtaro wa karibu ni wetu. Bei ndogo ina ulevi wake. Siku hizi nina fulana tisa, na shoga zangu wananiambia nimekuwa bahili.

Mjomba wangu haniiti bahili, mtumba wenyewe anauita laana. Alifanya kazi kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, na mpaka leo akishika kitambaa anakunja ncha na kutaja aina ya ufumaji kabla hajakuambia habari za nyumbani. Kwake mtumba bado ni "kafa Ulaya", jina la zamani, kwamba mwenye nguo alishakufa huko. Tukikaa naye tunabishana palepale. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole hadi 2019. Marekani ikatishia kuwaondolea upendeleo wa AGOA, ule wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru, Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo na mwaka 2018 ikasimamishiwa upendeleo huo kwa nguo zake. Mjomba anaona Rwanda ndiyo iliyosimama kiume. Mimi namwambia, mjomba, ningefunga biashara kesho kama badala ya mtumba ningeona mashati ya pamba yetu yamefumwa hapa. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa inauzwa nje kabla haijawa uzi, na kinachojaza pengo madukani ni blauzi mpya ya poliesta ya elfu kumi, inayoota vipele baada ya kufuliwa mara tatu. Hapo hunyamaza, anaomba chai. Simalizi kumshinda, kwa sababu kuhusu zile ajira ana haki, na mimi sina jibu.

Januari 2022 soko la Karume liliungua. Sikuwa na mzigo pale usiku ule, Mungu alinisitiri, ila watu ninaowajua walipoteza mtaji wote. Nilipokwenda kuwapa pole, harufu niliyoikuta ilikuwa ileile ya uani kwangu, na kwenye majivu kulikuwa na madonge meusi makubwa kama mawe ya kujengea. Pale palipokuwa na meza za jinzi kulikuwa na jivu la kijivu.

Sijarudi kununua belo la kufumba macho. Naamka saa kumi alfajiri, nafika wakati wenyewe wanafungua, nachagua moja moja kwa tochi ya simu. Nalipa zaidi kwa kila nguo na faida kwa siku ni ndogo kuliko ya mwenye belo, sitaki kudanganya mtu. Lakini narudi nyumbani na nguo 20 na sina 73 za kuficha. Kwamba zile nilizoziacha mezani wapo watakaozinunua na kuzitupa, ninajua. Mkokoteni wao unapita mtaani kwangu.

Zile zangu za poliesta za zamani, baada ya kuzitoa kwenye kalvati kwa reki huku watoto wananicheka, nilizifua, nikazikausha, nikazikatakata kwa mkasi jioni baada ya jioni mpaka kidole gumba kikaota sugu. Zikawa mito. Poliesta haiozi wala hainyonyi unyevu, basi kwa kujazia mto wa kochi inafaa kuliko sufi. Nilitoa mito sita. Mmoja nilimpelekea mzee jirani, akaukalia, akaukalia tena.

"Hii ndiyo ile iliyonuka?"

"Ndiyo baba."

"Afadhali ya kukalia."

Kikabaki kiroba kimoja cha vipande ambavyo sijui pa kuvipeleka: lasi, elastiki, zipu za plastiki, ile sidiria ya waya. Kiko uani nyuma ya pipa la maji tangu wakati huo. Wiki iliyopita nilikwenda kukisogeza nifagie, nikakuta kuku wa jirani ametoboa pembeni, amejitengenezea shimo, na ndani yake mna mayai manne.